Kituo kipya cha zimamoto Kigoma: anzeni na gari, jengo litafuata

Mwisho wa Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila ikitajwa habari ya kuachana na vituo chakavu vya zimamoto na kujenga vya kisasa, mjadala huanzia kwenye picha ya jengo: ghorofa, vioo, rangi nyekundu, mlingoti wa bendera. Uzi huu nataka uanzie kwenye gari. Kituo cha faya ni banda la magari ambalo watu wanalala humo, na kazi yake ni gari kutoka likiwa na maji na watu waliokwisha vaa, moto ukiwa bado chumba kimoja. Kila shilingi ya BOQ (orodha ya kazi, vifaa na bei zake) ipimwe kwa hilo.

Kwa nini kituo kinahesabika kimezeeka hata kama kuta hazijapata ufa? Vituo vingi vya zamani nchini vilijengwa zimamoto ikiwa mikononi mwa halmashauri, kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Magari ya wakati ule yalikuwa mafupi na mepesi. Leo gari la ekseli mbili likijaa linafika tani 18, na boza la ekseli tatu lenye lita 10,000 linakaribia tani 26. Kimo chake ukihesabu ngazi na vimulimuli ni mita 3.3 hadi 3.5. Mlango wa mita 3 kwa 3 haulipitishi. Basi gari linalala nje juani: sili za pampu zinakauka, matairi yanapasuka pembeni, na siku ya tukio pampu inagoma kunyonya kwa sababu inavuta hewa.

Vipimo ambavyo mimi sivipunguzi, hata bajeti ikibana:

Nafasi ya kila gari iwe na upana wa mita 5.5, ili milango ya kebini ifunguke pande zote mbili na mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni apite bila kukwaruza kioo cha pembeni. Urefu mita 18. Mlango uwe mita 4.2 upana na mita 4.3 kimo. Uwanja wa mbele usiwe chini ya mita 15, ili gari litoke lote ndani na dereva aone barabara kabla ya kuingia. Uwe na mteremko wa 1:50 kwenda nje, maji ya mvua yasirudi ndani. Na kama kiwanja kinaruhusu, weka milango mbele na nyuma. Gari liingie kwa nyuma, litoke kwa mbele, lisirudi rivasi hata mara moja. Nguzo za vituo vya zamani zilizochubuka kwenye kona zote, ukiuliza, ni rivasi za usiku.

Nafasi tatu zinatosha kwa kuanzia: magari mawili ya kazi, na moja ya matengenezo au ya boti ya uokoaji kwenye trela. Karibuni tuchambue.

---

Msoma Ramani

Mkuu, kabla ya upana wa mlango kuna swali la mahali. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kituo kikishajengwa hakihamishiki.

Kiwango cha Marekani cha NFPA 1710 kinataka sekunde 80 toka wito wa moto mpaka gari linaondoka, na dakika 4 barabarani kwa gari la kwanza. Hatulazimiki kukifuata, ila kinatupa hesabu. Mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, dakika 4 ni kilomita 2.7. Sasa weka mguu mmoja wa bikari pale stesheni ya reli, uchore duara. Utapata bandari, soko la mjini na sehemu ya kupanda mlimani kwenye mtaa wa Mwanga. Ujiji hupati. Ujiji iko kilomita kama nane hadi kumi kusini. Kilomita kumi kwa mwendo ule ule ni dakika 15, na nyumba zile za kubanana zenye vichochoro haziwezi kusubiri dakika 15.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kituo kimoja kikubwa cha kifahari. Jengeni viwili vya kawaida: kikuu upande wa Mwanga, chenye nafasi tatu, na kidogo cha gari moja upande wa Ujiji, chenye chumba cha zamu, choo, bafu na tangi la maji. Kile cha pili hakihitaji ghorofa wala ukumbi wa mikutano.

Namna ya kuhakiki eneo: msitumie simu kupima muda. Chukueni gari lenyewe, lijazwe maji, liendeshwe bila king'ora saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, toka kila kiwanja kinachopendekezwa mpaka sokoni, hospitalini, bandarini, na mpaka mtaa wa mwisho ambao gari linaweza kuingia. Andikeni muda mbaya kuliko yote, na huo ndio wa kufanyia maamuzi.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Mlima: gari lenye tani 18 likipanda toka ziwani kwenda Mwanga linapanda kwa gia ndogo. Kituo kikiwa juu, gari linashuka limejaa na kurudi tupu, na hiyo ni nafuu kubwa (dereva ashuke kwa gia, asikanyage breki njia nzima). Reli: ile ya zamani ipo, na reli mpya ya kisasa (SGR) kutoka Tabora inakuja. Hakikisheni njia ya kutokea haikatizi reli kwa tambarare, la sivyo siku moja mtasimama mnaangalia behewa za mizigo zikipita.

---

Mvuvi wa Kibirizi

Kwani ziwa si hilo hapo? Kijengeni ufukweni, maji hayaishi, hela ya matangi mnunue gari la tatu.

---

Pampu Kavu

Mvuvi, wazo lako kila mtu hulipata la kwanza, na lina kasoro tatu.

Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Miaka ya 2020 na kuendelea Ziwa Tanganyika limepanda, tumeona maji yakila fukwe na majengo. Kituo cha dharura hakikai mahali ambapo kinaweza kuwa chenyewe dharura.

Ya pili ni kunyonya. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kani ya hewa inaweza kusukuma maji juu mita 9.4 tu hata pampu ingekuwa kamilifu. Toa msuguano wa mpira wa maji, toa uchakavu wa pampu, hesabu mita 7 kuwa mwisho, na mita 3 hadi 4 ndiyo mahali pampu inafanya kazi kwa raha. Gati lililo juu sana au gari lililosimama mbali na maji halinyonyi. Mchanga nao: chujio likigusa chini, mchanga unaingia kwenye impela (gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu) na pampu inaanza kupoteza nguvu pole pole bila mtu kujua. Chujio likae sentimita 60 juu ya mchanga na sentimita 60 chini ya uso wa maji, lifungwe kamba, likaguliwe kila mara.

Ya tatu ni kimo cha mji. Uwanja wa ndege uko kama mita 823, yaani mita 50 juu ya ziwa. Kila mita 10 za kupanda zinakula bar 1 ya msukumo wa pampu, hivyo bar 5 zimekwisha kabla hujahesabu mpira. Pampu yako ni ya bar 10. Bar 5 zilizobaki: mpira wa milimita 70 ukipitisha lita 1,000 kwa dakika unapoteza karibu bar 2.5 hadi 3 kila mita 100. Haufiki mita 200, na maji kwenye ncha ya mpira hayana nguvu ya kuzima hata jiko.

Ziwa litumike kwa namna nyingine. Wekeni sehemu mbili tatu za kunyonyea zilizojengwa maalumu: bomba la milimita 150 limelazwa chini ya kina cha chini kabisa cha maji, lina chujio mwisho, linatokeza karibu na mahali gari linaweza kusimama, lina kichwa kinachoshika mpira mgumu wa kunyonya. Kona ziwe mbili, zisizidi, na kila unganiko lisivujishe hewa. Boza linakuja, linajaa, linaondoka. Hiyo inafaa bandari na Kibirizi yenyewe, penye maboti ya mbao yenye mizigo ya Kongo na Burundi yamepangana bega kwa bega.

Kituoni, weka akiba yako. Tangi la zege la lita 60,000 nusu ardhini, na tangi la kuinuliwa la lita 20,000 ambalo maji yake yako mita 6 hadi 7 juu ya ardhi. Toka tangi la juu shusha bomba la milimita 100 lenye geti valvu na mpira mpana unaoning'inia juu ya kifuniko cha boza. Utapata karibu lita 1,500 kwa dakika bila umeme. Lita 10,000 zinajaa kwa dakika 7 hivi. Linganisha na kujazia kwenye koki ya inchi 2 yenye msukumo wa mjini, lita 200 kwa dakika siku ikiwa njema: dakika 50. Hapo ndipo ile lawama ya "wamekuja hawana maji, wakaondoka hawakurudi" inapotoka.

Na paa msiliache. Mvua yetu ni kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 500, ukikata asilimia 20 ya upotevu, linaleta lita 400,000 kwa mwaka. Maji hayo yanafaa kwa mazoezi, kuosha magari na mipira.

---

Mvuvi wa Kibirizi

Sawa mzee, nimekaa chini. Ila hizo sehemu za kunyonyea msisahau kuweka alama, wenye maboti watafungia kamba hapo hapo.

---

Zege la Gungu

Niingie kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege ya kusimamia magari, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi wanalichukulia kama sakafu ya duka.

Sakafu ya banda la gari dogo ni milimita 100. Boza la tani 26 likisimama usiku kucha mahali pale pale, kila siku, matairi yale yale, jamvi la namna hiyo linapasuka kwenye kona kwanza, halafu linazama katikati, maji yanatuama, na mwaka wa tatu mlango haufungi kwa sababu fremu imeinama na sakafu.

Tujenge hivi. Udongo wetu mwekundu wa mlimani si mbaya, tatizo ni kifusi. Kiwanja cha mteremko hukatwa upande mmoja na kujazwa upande wa pili; nusu ya jamvi inakaa juu ya udongo wa asili, nusu juu ya kifusi, na ufa utatokea katikati kama umechorwa kwa rula. Chimba mpaka udongo mgumu pande zote, ujaze moramu kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine na unyevu wake, lipimwe, ndipo tabaka jingine. Juu yake kokoto iliyoshindiliwa milimita 200, kisha nailoni nzito.

Jamvi milimita 200, zege la daraja la nguvu C30. Kwa nafasi tatu, mita 16.5 kwa 18, eneo ni mita za mraba 297, zege mita za ujazo 59.4. Kwa kilo 350 za saruji kila mita ya ujazo ni mifuko 7, jumla karibu mifuko 416. Wavu wa A393, yaani nondo ya milimita 10 kila milimita 200, tabaka mbili. Shiti ya mita 4.8 kwa 2.4 ukitoa mpishano wa milimita 400 inabaki na mita za mraba 8.8, nunua shiti 68, ongeza za kukatika.

Sasa angalieni kinachofanyika saiti. Wavu unalazwa juu ya nailoni, zege linamwagwa, na kijana mwenye ndoano ya nondo anatembea akiuvuta juu. Anavuta, anasonga hatua moja, wavu unarudi chini nyuma yake. Ukichimba jamvi hilo baadaye unakuta nondo zote ziko chini kabisa, zingine zimeshika udongo na kutu. Tabaka la chini likae kwenye vitalu vya zege vya milimita 50, tabaka la juu kwenye viti vya nondo vilivyofungwa, na mafundi watembee juu ya mbao.

Mwaga kwa vipande, kila nafasi ya gari kipande chake cha mita 5.5 kwa 18. Kati ya kipande na kipande weka vipini vya nondo laini ya milimita 20, urefu milimita 400, kila milimita 300, nusu moja ipakwe grisi ili zege lisogee bila kupasuka. Kila mita 4.5 kata mfereji wa kina cha milimita 50 kabla saa 24 hazijapita. Ukichelewa, zege litajikatia lenyewe, na halitafuata mstari wako. Mwagilia siku 7 bila kukosa, funika kwa magunia. Gari lisipande kabla ya siku 28.

Mteremko wa 1:80 kuelekea mfereji wa katikati wenye grili za daraja D400, za kubeba malori. Grili za kuchomelea nondo mtaani hazihimili ekseli. Zinapinda, halafu zinaruka gari likipita kwa kasi. Maji ya mfereji yana dizeli, oili na masizi, yapite kwanza kwenye chemba tatu za kutenganisha mafuta, jumla ya mita 3 za ujazo, ndipo yaende kwenye shimo la kunyonya. Kwa mteremko wa mji huu, kila kinachoachiwa juu kinaishia ziwani.

---

Kadirio

Zege, unajua watu wa bajeti watauliza: kwa nini isiwe milimita 150? Unaokoa mita za ujazo karibu 15, mifuko zaidi ya mia.

---

Zege la Gungu

Waambie wanaokoa mifuko mia kwenye kitu ambacho hakibomoleki bila kuhamisha kituo kizima. Kama lazima kupunguza, punguza kumbi, dari za mapambo, na ukuta wa vioo. Jamvi na maji haviguswi.

---

Bi Katubuka

Hongereni kwa uzi. Hakuna aliyetaja tetemeko, na sisi tuko juu ya bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa hili lilipiga tetemeko la ukubwa wa 6.8. Siku kama hiyo ndiyo mji utaihitaji faya, na kituo cha faya ni aina ya jengo ambalo tetemeko linalipenda: upande wa mbele ni matundu matatu makubwa na nguzo nyembamba, upande wa nyuma ukuta mzima. Jengo likitikiswa halisogei sawasawa, linajizungusha. Nguzo za mbele zinapinda, fremu za milango zinabana, magari yanabaki ndani mazima kabisa huku mji unaungua.

Kwa hiyo milango ya mbele na ya nyuma ambayo mwanzisha uzi ameitaja inasaidia hata hapa, kwa sababu pande mbili zinakuwa na ugumu unaolingana. Mengine ni ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, ila mteja ayadai kwa maandishi: fremu za zege au chuma zinazojitegemea, kuta za tofali zikiwa za kujaza tu, ringi za nguzo zisongamane karibu na viungo, milimita 100 kati ya moja na nyingine, na ncha zake zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya zege, si 90, mkanda wa juu uzunguke jengo lote bila kukatika. Mnara wa mazoezi usishikane na jengo, uache nafasi ya milimita 50 au zaidi. Vivyo hivyo tangi la kuinuliwa: tani 20 za maji juu ya miguu zisisimame mahali ambapo zikianguka zinaziba njia ya magari.

Milango yenyewe. Shata za kukunja juu kwa mota zinapendwa kwa sababu zinaonekana za kisasa. Zinafunguka pole pole, umeme ukikatika unavuta cheni kwa mkono, na fremu ikipinda kidogo zinang'ang'ania relini. Mimi napendekeza milango ya chuma ya kukunja kando, mbawa nne, mbili kila upande. Fundi mzuri wa kuchomelea anaiweza. Uzito ubebwe na bawaba nzito zenye beringi, reli iwe juu tu. Reli ya chini hujaa mchanga ndani ya mwezi mmoja. Mtu mmoja aifungue kwa kusukuma, umeme uwepo usiwepo. Weka ndoano ya kuishikilia ikiwa wazi, upepo wa ziwani mchana si wa mchezo.

---

Zamu ya Usiku

Nizungumzie ndani, kwa sababu sekunde 80 za Msoma Ramani hazipotei barabarani, zinapotea kati ya kitanda na usukani.

Vyumba vya kulala viwe chini, usawa wa magari, umbali usiozidi mita 30 hadi kebini, korido mita 1.8, milango ifungukie upande wa kukimbilia. Askari wa kike wawe na chumba, bafu na choo vyao ambavyo njia yake haipitii kwa wanaume. Chumba cha mawasiliano kikae mbele, dirisha likitazama uwanja na barabara, maana wapo watu wanaokuja kwa bodaboda kuripoti moto badala ya kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto.

Kisha kuna kitu kidogo ambacho wachoraji hawakijui. Breki za gari kubwa ni za upepo. Likisimama usiku kucha, upepo unavuja. Kengele inalia, watu wamepanda, injini inanguruma, na gari haliondoki: sindano ya geji iko bar 3, breki za maegesho haziachii mpaka ifike 6 hivi. Dereva anakanyaga mafuta, kila mtu anatazama sindano. Dakika nzima inaweza kwenda hapo. Dawa yake ni kompresa ndogo ya bar 8 ukutani, bomba jembamba linaloshuka kutoka juu karibu na mlango wa dereva, na kiunganishi kinachochomoka chenyewe gari likisogea. Pembeni yake waya wa chaja ya betri za volti 24, nao wa kuchomoka wenyewe. Ni kazi ya fundi umeme na fundi bomba kwa siku chache, na hata kituo cha zamani kinaweza kuwekewa leo.

Moshi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya WHO, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2022 likaiweka kazi yenyewe ya kuzima moto kundi hilo hilo. Vituo vya zamani mlango wa bwenini unafungukia magarini, na makoti ya kuzimia moto yananing'inia nyuma ya bomba la moshi. Kituo kipya kigawanywe: upande mchafu, upande wa kati, upande safi. Kati ya magari na vyumba vya kulala kuwe na kijichumba chenye milango miwili inayojifunga yenyewe. Dari ya bwenini isiungane na paa la magari, moshi hupita juu. Kwa hewa yetu ya joto, matundu makubwa ya juu kwenye kuta zote mbili yanatosha kuanzia. Mipira ya kufyonza moshi kwenye egzosi ije awamu ya pili.

Aliyerudi toka motoni asipite bwenini. Aingilie mlango wa pembeni: avue, koti liende sinki au mashine, yeye aende bafuni, ndipo aingie upande safi. Makoti yafuliwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 40, sabuni isiyo na klorini, na yaanikwe kivulini penye upepo. Kuanika juani ndiyo desturi, na jua linaua nyuzi za kitambaa kile. Kwa macho koti linaonekana zima, ukilivuta linachanika. Ina maana kila askari awe na seti mbili, moja ikikauka nyingine iwe kazini.

Chumba cha kujazia mitungi ya hewa kikae mbali na magari kabisa, na bomba la kuvutia hewa litokee juu, upande upepo unakotoka, si karibu na jenereta. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu kaboni monoksaidi isiyozidi sehemu 5 kwa milioni; jenereta ikiwaka chini ya dirisha la kompresa utavuka hapo bila kunusa chochote. Chumba kiwe na ubaridi, joto na unyevu vinaua vichujio mapema kuliko saa zilizoandikwa kwenye kitabu.

---

Kadirio

Mashine ya kufulia makoti ni ghali. Tukianza bila hiyo?

---

Zamu ya Usiku

Mnaweza. Sinki mbili kubwa za chuma, brashi laini, glovu za mpira, na sheria moja: koti halifuliwi nyumbani kwa mtu, kwenye beseni la nguo za watoto. Ila bomba, mfereji na umeme wa mashine viwekwe sasa, ukutani, vikisubiri. Kuja kukata sakafu baadaye ni gharama mara mbili.

Mnara wa kukaushia mipira nao mnaweza kuukwepa. Mpira wa mita 25 ukining'inizwa katikati unataka mnara wa mita 13 na zaidi. Mipira ya sintetiki ya siku hizi inakauka vizuri kwenye kichanja chenye paa, urefu mita 26, mteremko kidogo maji yatoke. Hela ya mnara ipeleke kwenye mnara wa mazoezi, huo una kazi kila wiki.

---

Mwisho wa Reli

Nashukuru wadau. Limebaki jengo la zamani. Wengi wanafikiri siku ya uzinduzi unahamisha magari na kubomoa kesho yake.

---

Bi Katubuka

La zamani lisiguswe mpaka jipya limefanya kazi zamu zote, redio zimejaribiwa, na tangi limejazwa na kumwagwa mara kadhaa. Kama kiwanja ni kile kile, jengeni kwanza banda la muda la mabomba na mabati kwa gari moja, lenye sakafu ya kokoto iliyoshindiliwa na njia yake ya kutokea isiyopishana na malori ya mchanga.

Paa likiwa la bati zile za kijivu za saruji za miaka ya nyuma, chukulieni ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Msizivunje kwa nyundo wala kuzirusha chini. Zilowesheni maji, fungueni boliti moja moja, shusheni shiti nzima kwa kamba, fungeni kwa nailoni nzito mara mbili na kuweka alama. Wanaofanya kazi wavae barakoa za chujio, si za kitambaa. Pa kuzitupa paulizwe kwa mamlaka ya taifa ya mazingira kabla ya kazi, maana shiti zikishafungwa na kukaa uani, majirani huzibeba kuezekea mabanda ya kuku.

Na ile foamu (povu la kuzimia moto) ya zamani kwenye madumu stoo: nyingi ya miaka hiyo ina PFOS, kemikali isiyooza iliyoingizwa mwaka 2009 kwenye Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali za namna hiyo. Haimwagwi mtaroni, haitumiki kwa mazoezi. Ihesabiwe, iandikwe, ifungiwe mpaka ipate njia halali.

---

Pampu Kavu

Kwenye kuhama, hesabuni na vichwa vya mipira. Magari ya msaada huja na viunganishi vya nchi yalikotoka: Storz, ile ya Kijerumani, haishikani na ile ya Kiingereza ya kubonyeza, na za Kijapani hazishikani na yoyote kati ya hizo. Chagueni aina moja ya kituo, kisha kila gari libebe adapta mbili za kila aina nyingine mnayomiliki, zimefungwa kwa mnyororo pembeni mwa pampu. Zikikaa stoo, ufunguo utakuwa kwa mtu ambaye hayuko zamu.